Uji wa Haboba, Samaki wa Jirani

Juzi nilipeleka kitukuu changu kliniki kupimwa uzito. Nesi, msichana mwembamba kama kijiti cha kibiriti, akanyoosha shingo, akasema na mimi kwa sauti ya puani, akiniita bibi kwa Kiganda: "Jaja, chakula ya asili ndiyo nzuri. Mtama, simsim, mukene, karanga. Changanya yote pamoja." Nikacheka mpaka benchi likatikisika. Akafikiri nina wazimu. Wewe rafiki yangu, kaa hapa nikuambie.

Wakati ule wa utawala wa wanajeshi tulikaa Nsambya, kwenye nyumba za polisi. Baba alikuwa askari. Mwanzoni alileta mkate na sukari, na mama akaringa sana: watoto wake wanakunywa chai tamu asubuhi na jioni kama watoto wa bwana mkubwa. Halafu sukari ikapotea madukani, mkate nao ukapotea, na mdogo wangu wa kike akakataa kula kitu kingine. Ikaja surua. Surua ilipoisha, miguu ikavimba, nywele zikawa rangi ya ndevu za mahindi. Ukimweka hapa, utamkuta hapa hapa. Hospitali wakasema maziwa ya unga yamekwisha, mpeni chakula. Chakula gani, hawakusema.

Mama alilia. Bibi mzaa baba, sisi Wanubi tunamwita haboba, hakulia. Alikaa kwenye jiwe lake la kusagia, krr, krr, akasaga mtama na simsim, ule ufuta, uji akauacha siku mbili uchachuke. "Babu zetu walitoka Sudan kwa miguu na hii," alisema. "Si na chai."

Jirani yetu, Muganda, mke wa polisi mwenzake baba, aliutazama uji ule akakunja pua. "Bambi, masikini, mutoto anakura matope ya ziwani Ggaba." Yeye alitwanga mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani ambao siku zile watu walimwagia kuku, akatia karanga, akafunga kwenye jani la ndizi, akaweka juu ya matoke iive na mvuke, polepole.

Haboba akasikia harufu. "Matoke ni maji imevaa jani. Na samaki ya kuku? Kwangu haiingii." Akanishika sikio. "Chakula ya babu wawili ikikutana ndani ya tumbo ya mgonjwa, inapigana. Mtoto anakufa. Apa kwamba samaki ile hutampa." Nikaapa.

Mchana, haboba akiwa kwenye swala, jirani akaniita nyuma ya jikoni. "Nyabo, reta bakuri. Usimupe uji ya bibi yako, eh? Ikichanganyika, anakufa." Wallahi, maneno yale yale. Nikaapa tena.

Mimi ndiye nilibeba mtoto mgongoni, mimi ndiye nililisha. Asubuhi alifungua mdomo kwa uji. Mchana akafungua kwa samaki. Baada ya wiki nzima ya kuukaza mdomo ule, ningeufunga vipi? Nilimpa vyote. Nililamba jani mwenyewe, nikamsugua midomo na mchaichai, maana haboba alikuwa na pua ya polisi kuliko baba. Halafu kila mtoto alipolala nililaza sikio kwenye tumbo lake, nasikiliza kama vita imeanza. Likinguruma kidogo, jasho linanitoka. Nilijua akifa, nimeua mimi.

Miguu ikaanza kupungua. Asubuhi moja jirani alianika mukene kwenye gunia, kuku akanyakua mmoja, na mdogo wangu, yule wa kukaa alipowekwa, akasimama akamkimbiza kuku mpaka kwenye bomba la maji, amnyang'anye. Haboba mlangoni: "Mnaona simsim?" Jirani dirishani: "Munaona mukene?" Mimi nilikaa chini kwenye vumbi, nikalia kwa raha. Mama akanipiga kofi, eti nalia nini mtoto akipona.

Sikuwaambia. Kila mmoja aliingia kaburini na ushindi wake. Jiwe la kusagia sijui lilibaki na nani tulipohama. Simsim sasa inasagwa na mashine pale Kisugu, inanuka mafuta ya gari. Mdogo wangu yupo. Mwezi uliopita kanivunjia kiti, nimechoka kumpikia.

Nesi alingoja nimalize kucheka, akaniuliza kama najua kuchanganya. Nikamwambia najua tangu utoto.

"Nani alikufundisha, jaja?"

"Wanawake wawili," nikasema. "Wote walinikataza."