Kombe la Acayo na Wenzake

Acayo alipoingia chuo cha ualimu kule Kyebando, Kampala, hakuwa amewahi kushika mpira wa kikapu. Baba yake, Sajini Saverio, polisi mwenyeji wa Kitgum kule kaskazini, alimlea katika kambi ya polisi, na huko uwanja ulikuwa wa wavulana. Aliyemgundua ni Mwalimu Pélagie, mama aliyekimbia vita vya Kongo na kuajiriwa chuoni kufundisha Kifaransa na michezo. Alimwona anaanua nguo kwenye kamba ya juu bila kujinyoosha.

"Wewe, kesho njoo uwanjani," alimwambia. "Viatu tutatafuta."

Viatu havikupatikana. Ilikuwa 1976, na madukani hata sabuni ilikuwa hadithi. Wasichana walicheza pekupeku kwa mpira ulioshonwa na fundi viatu wa Nakasero, ukidunda upande upande. Hata hivyo, mashindano ya kombe la wanawake yalipoanza, walianza kushinda. Jalia, msichana mfupi mwenye mbio, alipenya katikati ya wapinzani, na Acayo alisubiri chini ya ubao. Waliwafunga wauguzi, wakawafunga walimu, wakawafunga hata wasichana wa chuo kikuu waliokuja na jezi mpya. Kufikia fainali hawakuwa wamepoteza mchezo hata mmoja.

Fainali ilikuwa dhidi ya timu ya wanajeshi wanawake. Siku chache kabla, bwana mmoja alifika chuoni, akazungumza na Mwalimu Pélagie kwa upole mwingi. Mgeni rasmi atakuwa meja, alisema, na meja angefurahi sana kombe likibaki jeshini.

Pélagie aliwakusanya wasichana, akawaeleza yote.

"Sitawaambia mshinde wala mshindwe. Mimi ni mgeni hapa. Nyinyi mna wazazi."

Hakuna aliyemtazama Acayo, lakini wote walimfikiria yeye. Askari na polisi wa kaskazini, ambao serikali ya kijeshi haikuwaamini, walikuwa wakitoweka mmoja mmoja, na wake zao walikuwa wamejifunza kutouliza.

Jumamosi Acayo alikwenda kambini. Alimkuta baba yake anapiga viatu rangi, akamsimulia. Saverio alisikiliza bila kuacha brashi.

"Mnaweza kuwafunga?"

"Tunaweza, Baba."

"Basi wafungeni. Watu hawa wakinitaka, mwanangu, hawatangoja sababu ya mpira."

Uwanja wa Lugogo ulijaa. Wanajeshi walikuwa na nguvu na viatu vizuri, wakaongoza hadi mapumziko. Kipindi cha pili Jalia alianza kupita kana kwamba hakuna mtu mbele yake. Mchezo ulipokaribia kwisha timu zilikuwa sare. Jalia alirusha, mpira ukagonga chuma ukarudi. Acayo aliudaka juu ya vichwa vya wote, akaurudisha kikapuni. Filimbi ikalia. Watu walipiga makofi, kisha wakakumbuka aliyeketi mbele, makofi yakapungua.

Meja alimkabidhi Acayo kombe, akaushika mkono wake muda mrefu.

"Wewe natoka wapi?" aliuliza kwa Kiswahili cha kambini.

"Mimi natoka Kitgum, Afande."

"Mrefu sana," alisema meja, akacheka, akaenda zake.

Hakuna kilichotokea. Chuo kilichinja mbuzi, Pélagie akacheza dansi ya kwao hadi viatu vikamvuka. Krismasi ikapita. Februari, polisi wengi wa kaskazini waliitwa kwenye gwaride, Saverio akiwa miongoni mwao, wakapakiwa kwenye malori. Hakurudi hata mmoja. Odoch, polisi rafiki wa Saverio aliyekuwa likizo siku hiyo, alimwendea Acayo chuoni.

"Usije ukajisumbua na habari za mpira," alimwambia. "Waliita majina ya kwetu yote. Sasa ondoka."

Acayo alivuka mpaka wa Busia akiwa na nguo alizovaa. Alifundisha shule ya msingi karibu na Kisumu, akaolewa huko, akaachika. Serikali ya kijeshi ilipoanguka alirudi Kampala na kuuliza habari za baba yake katika gereza la Luzira na kwingineko, mpaka akachoka kuuliza. Alipata kazi katika shule ya wasichana. Jioni alikuwa akiwafundisha kudaka mpira ukiwa bado juu, na aliyesubiri ushuke alimkimbiza kuuzunguka uwanja mzima.