Nilimlaza Mume Wangu Kwenye Kitanda cha Mwanetu

Msomaji wetu huyu wa upande wa Nyamira ametuomba tufiche jina lake na la kijiji chake. Barua tunaichapa kama alivyoileta.

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa miaka hamsini na minane. Tuna mtoto mmoja wa kiume, nitakayemwita Samweli ingawa silo jina lake. Nilisoma kidogo tu misheni, kwa hiyo mnivumilie. Haya sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Mume wangu aliendesha lori la tajiri mmoja wa mjini Kisii tangu ujana wake. Alipostaafu, tajiri alimwachia lori lenyewe, likiwa limechoka kama yeye. Seremala akalizungushia mbao nyuma, akatia kitanda, rafu ya vyombo na dirisha dogo ambalo nililishonea pazia. Sababu ni kifua chake. Baridi ya kwetu ya Juni hadi Agosti humbana mpaka anashindwa kupumua, na daktari alimwambia atafute joto. Basi kila mwaka baridi ikianza tulishuka Homa Bay, tukaegesha karibu na ziwa, na Septemba tukarudi nyumbani. Watu wa kijijini walituita konokono. Tulicheka nao.

Jamani, safari ile ya kurudi niliipenda! Asubuhi nilikunja matandiko, nikamwaga majivu ya jiko, nikafunga sufuria kwa kamba zisigongane. Yeye alizunguka akipiga magurudumu teke, kisha akauliza, "Omong'ina, nyumba iko tayari kutembea?" Omong'ina kwetu ni mama mtu mzima, lakini akilitamka yeye nilijiona msichana. Tulipofika milimani alizima lori lipoe, nami nikachemsha chai kando ya barabara. Miaka sita tuliishi hivyo, na hatukuwahi kulala na kinyongo.

Mwaka jana nilimharakisha mimi. Wimbi langu shambani lilikuwa limeiva na niliogopa ndege watalimaliza. Alisema, "Baridi haijaisha," nikamwambia asideke kama mtoto. Tukaondoka Agosti.

Mvua ilitukuta karibu na Suneka. Tawi likachana turubai la paa, kitanda chetu kikalowa chapachapa. Yeye aliendesha huku akikohoa, midomo imebadilika rangi. Akajikaza mpaka kwa Samweli, mwenye duka na nyumba yake hapo Suneka, akasimamisha lori na kuegemea usukani.

Kwa wasomaji wa makabila mengine lazima nieleze. Kwetu Kisii baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima, tunaiita chinsoni. Atakula uani, ataongea uani, na akilala, hulala kibanda cha pembeni. Kuona kitanda cha mwanawe ni aibu isiyosemeka. Na Samweli alikuwa bado hajajenga kibanda.

Samweli alitoka mbio na mkewe. "Mama, tata ana nini?"

"Baba yako anakufa. Fungua mlango."

Akabaki amesimama kwenye mvua. "Tata hawezi kuingia humu, mama. Duka limejaa magunia, ngoja niwashe moto hapo barazani pake."

"Moto gani, na upepo huu?"

Nikarudi kumshika mume wangu. Akaninong'oneza, "Nilaze popote, omong'ina. Lakini si humo." Nilisikia kila neno. Kisha macho yakafumba.

Nikamgeukia mwanangu, nikasema, "Baba yako amekubali."

Tulimbeba tukamlaza kwenye kitanda chao, hakukuwa na kingine. Mkamwana wangu alimfunika blanketi zake mwenyewe, akamsugua miguu mpaka ikapata joto. Asubuhi alifumbua macho, akaona gauni la mkamwana limetundikwa ukutani. Akainuka, akatoka bila viatu. Alipona, wasomaji. Mtu aliyekuwa anakufa alipona.

Lakini tangu siku ile hajanisemesha. Analala kwenye lori, hapa hapa uani petu, na nyumba yetu haingii. Nampelekea chakula, anakula, anaweka sahani kwenye ngazi ya lori. Samweli alikuja mara mbili na mtoto wake mchanga, babu yake akajifanya amelala. Mwanangu ananiuliza, "Mama, si tata alikubali? Mbona ananikimbia?" Namchukua mtoto nimbembeleze.

Wazee wanaweza kututakasa, mbuzi achinjwe, baba na mwana wakae tena pamoja. Lakini wazee watauliza nani aliyefungua mlango, na kwa neno la nani. Itabidi Samweli asikie mbele ya watu kwamba nilimdanganya, na kijiji kizima kijue mkamwana wangu alimshika baba mkwe miguu. Yule binti hana kosa. Mchungaji naye atasema tuachane na mambo ya kale, lakini mume wangu hawezi kuachana nayo.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba siwezi kutubu. Nimejaribu kusali, nikashindwa, maana mvua ile ingenyesha tena ningemwingiza tena.

Sasa Juni inakaribia. Jana nilimwona akishona turubai la lori, nikafurahi mno. Nikatoa sufuria zangu nikazisugua, nikafua na pazia. Alipokwenda mtoni kuoga nikapanda ndani kulitundika. Kitanda amekikata kwa msumeno, kimekuwa cha mtu mmoja. Na kwenye rafu kuna kikombe kimoja.

Wasomaji, nishaurini. Niwaite wazee niseme nilichokifanya, nimwaibishe mwanangu na mkewe, au ninyamaze, mume wangu aende akaugue peke yake kule ziwani? Nifanye nini? Nijibuni upesi, kabla hajaliwasha lori.