Mkuu wa Kaya Bado Ananyonya

Uvumilivu wangu ulikatika pale duka la ushirika, Kariakoo, muuzaji aliporudisha unga wangu guniani na kusema mgao hautoki mpaka mkuu wa kaya afike mwenyewe. Nikamfungua mkuu wa kaya mgongoni, nikamkalisha juu ya kaunta. Ana miezi tisa.

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Mpeni mzee kiti!" "Shikamoo, mkuu wa kaya!" Mzee akaitikia kwa kukojolea mizani. Unga sikupewa.

Kabla ya hapo, mjumbe wetu wa nyumba kumi alipopita kuandikisha watu wa mgao, aliniuliza mwanamume wa chumba changu ni nani. Nikamwambia baba mtoto alienda kijijini kuhamasisha kilimo, akahamasika huko huko. "Kwa hiyo hakuna mwanamume kabisa?" Kwa mzaha nikamwonyesha Hamisi ndani ya khanga. Mjumbe hakucheka. Aliandika.

Enyi wenzangu mliokulia nyua za Kariakoo, mtanielewa. Si tulicheza baba na mama? Wali wetu mchanga, sahani vifuniko vya soda, na harufu ya vitumbua vya mama zetu ikitutesa matumbo. Wavulana walikuwa Mnazi Mmoja wakipiga mpira wa chandimu, kwa hiyo baba tulimtafuta kwa tabu. Mara nyingi tulimpata Saidi, mdogo kuliko sisi wote, kamasi mpaka kidevuni, kaptura inamshuka. Lakini akishakalia tofali tu, tulimpigia magoti: "Karibu chakula, baba."

Siku moja nikalikalia tofali mimi. Mama akaniinua kwa sikio. "Hapo anakaa kichwa cha nyumba, mwanamke wee!" Yeye mwenyewe ndiye aliyeamka alfajiri kuchoma vitumbua vya kulipia kodi ya chumba. Kichwa cha nyumba yetu kilikuwa barazani, kinacheza bao.

Enzi hizo vijana wa chama walizunguka sokoni kukagua magoti ya dada zetu. Sketi ikipanda kidogo, taifa liko hatarini! Mikutanoni tuliambiwa binadamu wote ni sawa, tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Kisha kina mama wakaenda kuwapikia wageni, kina baba wakabaki vitini wakiendelea kuwa sawa.

Mabinti wa siku hizi, na viatu vyao virefu vya raizoni, wakijaribu kuruka kamba watavunja shingo. Nawacheka, lakini ule mchezo wetu nautamani. Adhana ya magharibi ikilia, mama anaita, Saidi anashuka tofalini, anapangusa kamasi, anarudi kuwa mtoto. Mchezo wa leo una mhuri, na hakuna mama wa kuuita uishe. Wiki ile niliyonyimwa unga tulishindia uji mwepesi, maziwa yakaanza kunikauka.

Nikaenda baraza la tawi. Mwenyekiti akanishauri kwa upole: "Mama Hamisi, si umlete hata kaka yako tumwandike, yaishe?"

Nikasimama, karani akaandika kila neno:

"Ndugu Mwenyekiti, namlalamikia mjumbe wangu. Kaka wa kuazima sina. Naomba mwanangu Hamisi avuliwe ukuu wa kaya, kwa sababu bado ananyonya. Cheo hicho apewe anayemnyonyesha."