Miezi Mitatu Bila Mwenyekiti

Mwezi uliopita nilikwenda ofisi ya kijiji chetu, nje kidogo ya Kaliua, kufuata barua ya shamba. Ukutani wamepanga picha za wenyeviti wote. Wa pili na wa tatu wamebanana bega kwa bega, utadhani mmoja alimpisha mwenzake kiti siku hiyohiyo. Sivyo, ndugu yangu. Mimi nilikuwepo.

Mwenyekiti wa pili alifariki katikati ya kiangazi. Mtendaji naye alikuwa amehamishwa, mwingine hajaletwa. Kijiji kilikuwa na bomba moja la mkono, na funguo ya mnyororo wake alikaa nayo marehemu. Mjane wake, jirani yetu, aliileta kwa bibi yangu. "Nishikie," alisema. "Wanaume wanaigombania, na mimi bado nina msiba."

Tangu hapo kila alfajiri nilimbebea Bibi kigoda mpaka bombani. Alikaa akimenya karanga huku akipanga ndoo: wazazi wenye vichanga kwanza, wengine kwa kadiri walivyofika. Mimi kifungua kinywa changu kilikuwa michembe ya viazi vitamu, mikavu hasa, naitafuna nikisikiliza bomba likilia kwii-kwaa.

Siku moja mfugaji mmoja akaswaga kundi zima la ng'ombe hadi kwenye foleni. Ndoo zikapinduka. Wanaume wakaokota fimbo, naye akainua yake. Nilijificha nyuma ya Bibi.

Bibi hakusimama.

"Shikamoo, mama," mfugaji alisema, maana ilimbidi.

"Marahaba. Ng'ombe wana kiu?"

"Wanakufa, mama."

"Na hawa watoto?"

Akazitazama ndoo zilizopinduka.

"Asubuhi watu, mchana ng'ombe. Leo rudisha kundi nyuma, kisha uje uzijaze ndoo ulizomwaga."

Alizijaza zote, jasho likimtiririka. Fimbo zikawekwa chini.

Uchaguzi ulipofika hakuna aliyelitaja jina la Bibi. Mwenyekiti mpya alikuja, akapokea funguo, akashukuru, akaondoka. Nilikasirika mpaka nikalia.

"Maji watu walipata?" Bibi aliniuliza.

"Walipata."

"Basi niletee ungo."

Bibi alikwishatutoka. Bomba limeng'olewa, kila ua una koki yake, na asubuhi watu hawakutani tena. Niliposimama pale ofisini, karani kijana aliniuliza kama kuna picha niliyokuwa naitafuta. Nikamwambia hapana, haikupigwa.