Ngao ya Rafiki kutoka Kenya

Harufu ya ndimu iliyochanganywa na majivu hunipandisha hasira mpaka leo. Inanirudisha kwenye ukuta wetu wa Rubongi, kando ya mji wa Tororo, kwenye ngao ya mbao yenye bamba la shaba ambalo nililisugua kila Jumamosi mpaka vidole vikawasha.

Baba alikuwa mwokaji wa mikate ya kambi ya jeshi. Alizaliwa Samia, upande wa Kenya, akavuka kutafuta kazi zama zile ambapo kuvuka mpaka pale Busia kulikuwa kama kwenda kwa jirani kuomba moto. Akamwoa mama yangu, binti wa Molo, ile ya huku Tororo. Uhuru ulipokuja, maofisa wapya wakaamua kuwatuza watu wa nje waliolitumikia jeshi bila kushika bunduki. Baba akaitwa mbele ya gwaride, unga ukiwa bado kwenye nyusi zake. Bambani walikuwa wameandika: Kwa rafiki yetu kutoka Kenya, kwa mkate wake.

Niliamini hakuna mtoto Tororo nzima mwenye baba kama wangu.

Jioni ile baba alifanya kama watu wa kwetu wanavyofanya wakipewa kitu hadharani. Aliweka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, uani, akaita majirani na askari waje na mirija yao mirefu. Ukishanyonya chungu cha mtu, umekubali kwamba yeye ni wa pale. Askari walinyonya mpaka wakaimba. Kwa baba, mambo yakawa yamekwisha: kambi imempa kitu, na kambi imenyonya chungu chake. Haikupita muda akaanza kufyatua matofali ya nyumba.

Mama peke yake ndiye aliyeuliza, huku akiongeza maji ya moto chunguni.

"Baba Nafula, kaka zangu walichimba mitaro ya kambi ile. Mbona wao hawakuandikiwa kitu?"

"Wivu huo," baba akasema, na watu wakacheka mirija ikiwa mdomoni.

Nyumba ikaezekwa mabati. Kisha, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, ikaja amri kwamba kila mgeni awe na kibali, na asiye nacho arudi kwao. Mjomba alimsihi baba akaombe mapema. Baba akakataa. Kibali cha nini, na ngao iko ukutani? Siku aliyofutwa kazi kwa kukosa kibali aliishusha, akaifunga kwa kitambaa cha meza, akanishika mkono tukaenda getini.

Askari wa zamu alikuwa mmoja wa wale walioimba, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Mzee Mkate, leo wewe naleta nini?"

Baba akafungua kitambaa, akasema amekuja kuwakumbusha yeye ni nani. Askari alisoma polepole, kwa kidole.

"Si hii hapa wao naandika? Kutoka Kenya. Sasa mzee, wewe nabisha nini? Kenya ni hapo tu."

Hakusema kwa ubaya. Hata alilifuta bamba kwa mkono wa shati kabla ya kuirudisha ngao. Angetutukana, ningekuwa na mtu wa kumchukia.

Tulivuka Busia na masufuria, godoro na ngao. Mabati yalibaki juu ya nyumba, na ufuta wa mama ukabaki shambani ukikaribia kuvunwa.

Nimesoma mpaka chuo kikuu, nimebishana na wahadhiri, ndipo nikaelewa swali la mama. Wajomba zangu hawajawahi kushukuriwa na jeshi lolote, na mpaka leo wanalima Molo bila mtu kuwauliza walitoka wapi. Sisi tulikuwa tukiing'arisha amri ya kutufukuza kila Jumamosi, kabla hata haijatolewa.

Baba ameitundika ngao katika chumba tulichopanga Busia. "Jeshi lilinipa," huwaambia wageni. Likizo iliyopita aliniwekea majivu kwenye kisahani, akaninyooshea nusu ya ndimu kama zamani. Nikaipokea. Nikaikamulia yote kwenye chai yake.