Mkono Nilioushika Machimboni

Aibu ingine mtu huzikwa nayo, lakini hii yangu haizikiki, maana nusu ya Kibra ilikuwepo na nusu ile ingine ilisimuliwa kabla jua halijashuka, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko Bakhita jirani yangu, ambaye kila akisimulia ananivua nguo moja zaidi. Nilivuliwa gurbaba peke yake, ile shuka ya rangi tunayojifunga juu ya shimizi. Mkisikia zaidi ya hapo, hiyo ni chumvi ya Bakhita.

Mnamjua mume wangu. Alirudi kutoka vita vya Burma amewacha huko vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, na maneno yake yote. Vidole nilizoea. Maneno ndiyo yaliniua. Mtu anakula, anaswali, anaenda kulinda stoo ya Mhindi, anarudi, na ukimwambia kitu anasema "mm". Kulala alikuwa analala kwa kibaraza, hata ile baridi ya Julai, amejifunika blanketi ya jeshi mpaka kichwani kama maiti, na mimi ndani peke yangu nasikiza panya. Halafu siku moja shemeji yangu akatoka Bombo kutusalimia, na nikiwa namwagia chai akasema hivi hivi, kama mtu anayeongea habari ya mvua, ati ndugu yake atamfuata huko Uganda kabla ya Ramadhani na atakaa huko. Kukaa! Mimi mke, naambiwa na mgeni, birika liko mkononi. Nikajua nisipomfanya huyu mtu aongee na mimi kabla ya mfungo, basi nimekuwa mjane wa mtu aliye hai.

Sasa mimi jioni nilikuwa naenda darasa la watu wazima (ndiyo, nimesoma, msinione hivi), na Mwalimu wetu, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, alikuwa ametuambia kwamba kule Ulaya mapenzi yakipoa mume na mke huchukua siku nzima wakatembea, asubuhi wanaangalia mji wa kale, mchana wanashuka chini ya ardhi kwa machimbo, wameshika taa, halafu wanakula chakula chini ya mti. Tulicheka sana. Kushuka shimoni na mume wako! Lakini akasema hata nyinyi mnayo hiyo. Nairobi ni mji wa historia, baba zenu askari walipiga hema pale kukiwa bado matope na vyura, na zile nyumba za mawe mnaziona zilitoka kwa machimbo ya Kawangware, ambako watu walichimba chini kwa chini kama fuko. "Mji uko huku," akasema, "na tumbo lililouzaa liko kule."

Hiyo maneno ilinikaa. Nikapanga. Jumapili, mimi na yeye peke yetu, asubuhi mjini, mchana tunakula mkate wa gurusa na chai, halafu machimbo. Nilimwambia Bakhita peke yake, kwa sababu nilitaka kuazima kikapu chake. Mnaona kosa? Jumapili nafika barabarani na mume wangu, nimejipiga udi mpaka nanukia kama arusi, namkuta Bakhita, na darasa zima la kina mama, na Mwalimu mwenyewe na tai yake.

"Elimu si ya mtu mmoja, Mama Zenabu," Bakhita akaniambia, na kikapu chake amebeba mwenyewe.

Mjini mume wangu alitembea mbele kama mtu wa gwaride. Mwalimu anaeleza, hapa palikuwa hivi, pale palikuwa vile, na yeye kimya. Lakini kwa nyumba moja ya mawe akasimama. Akaweka kiganja ukutani, kile cha vidole vitatu. Halafu akaweka sikio. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kutuangalia.

"Ni nzuri, eh?" nikamwambia.

"Mm."

Nikaweka sikio mimi pia. Sikusikia kitu. Lakini lile jiwe lilikuwa baridi na jua limelipiga tangu asubuhi.

Lori ya mawe ilikuwa inarudi Kawangware tupu, ikatubeba. Machimboni tulipokewa na nyapara, Mzee Karanja, mtu wa pale pale, Mkristo, shamba lake linapakana na shimo. Alikuwa na taa moja ya karabai inayopiga kelele kama chatu. Kabla hatujaingia akatusimamisha mlangoni, na hakuwa anacheka.

"Taa ikizima, kila mtu asimame alipo," akasema. "Halafu muite mwenzako jina. Jina alilopewa. Usiseme 'wewe', usiseme 'baba nani', usiseme 'mama nani'. Akiitika, ndipo umshike. Mawe yaliangukia watu humu, na wengine hatukuwatoa. Hawa huitikia kila kitu, lakini jina la mtu mwingine hawaitikii."

"Na kama mtu ana jina baya?" Bakhita akauliza, na kina mama wakaangua kicheko. Mzee Karanja akainama akaingia.

Mimi ni mtu wa kuswali. Mizimu siamini. Majini naamini, maana Kitabu kimesema wapo, kwa hivyo nikasoma Ayatul Kursi nikaingia. Ndani baridi ilitoka chini, ikapanda kwa miguu. Kuta zinatoa jasho. Alama za misumeno ziko pale pale, kama jana, na kwa msumari mmoja koti lilikuwa limetundikwa, limekuwa jeupe kwa vumbi.

"Hilo koti ni la nani?" Mwalimu akauliza.

"La mwenye alitundika," Mzee Karanja akasema, akapita.

Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Nilikuwa nasikia buti zake. Tukaenda, tukapinda, tukapinda tena, na hapo karabai ikakohoa ikafa.

Dada zangu, giza ya nje haiko hivyo. Ile ilikuwa giza ya kuingia mdomoni. Mbele huko kiberiti kinakwaruza, kimeshika unyevu, hakiwaki, na watu wakaanza kuitana. "Bakhita!" "Niko!" "Mwalimu Yusufu!" "Niko hapa, msinisukume!" Ikafika kwangu.

Na mnajua kwetu. Mke aliyelelewa hamtaji mumewe jina. Mama yangu alikufa hajawahi kutamka la baba yangu, hospitalini akiulizwa alikuwa anaita mtoto aje aseme. Sasa mimi, mbele ya darasa zima, mbele ya mume ambaye tayari anafunga mizigo yake, nimuongezee utovu wa adabu? Nikaona ni jambo dogo. Nikageuka kidogo nikasema polepole, "Baba Zenabu, uko?"

Mkono ukashika wangu.

Ulikuwa baridi, mkavu, una vumbi. Lakini ulishika! Tangu vita hakuwa amenigusa hata tukipokezana kikombe. Nikalegea, wallahi, na giza inampa mtu mdomo. Nikaanza.

"Baba Zenabu, usiende Bombo. Rudi ulale ndani. Kibaraza kina baridi na mimi pia nina baridi. Sikuulizi vita. Wewe lala tu nisikie mtu anapumua. Mimi bado nakutaka, hata na hiyo kichwa yako imeisha nywele." Na mengine, ambayo siwezi kurudia hapa kwa sababu kuna wasichana wanasikiza. Nilidhani nanong'ona. Kumbe lile pango linabeba sauti kama bomba, na kule mbele watu wote walikuwa wamenyamaza kimya, hata kiberiti kimesimama.

Ule mkono ukanikaza. Nikafurahi. Nikaanza kuupapasa, kidole kwa kidole, vile unavyofanya kwa mtoto. Gumba. Halafu cha shahada.

Cha shahada.

Nikarudi nyuma, nikapapasa tena. Kipo. Na cha kati kipo. Vyote vipo, vizima, virefu, na kile cha shahada kilikuwa kimenyooka, kimesimama, kama cha mtu aliye kwa tahiyatu, anatoa shahada kwa swala.

Nikapiga ukelele. Na sikupiga "mama!" wala "jamani!" Nilipiga jina. "Farajala! Farajala!" jina zima, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Na kutoka mbele, mbali kabisa, ikaja sauti: "Halima! Niko hapa, Halima! Wacha hiyo kitu, kuja!" Alikuwa amenipita taa ilipokohoa, akaenda kumsaidia mzee na kiberiti.

Nikavuta. Ule mkono haukuachilia. Ulikuwa umeshika mpaka gurbaba, nikaona basi ibaki, nikajizungusha nikatoka ndani yake, nikakimbia kwa ile sauti. Nikamwangusha Bakhita, nikampanda Mwalimu, nao wakasikia kitu kinakuja gizani kinapumua wakakimbia pia, wanapiga kelele, Mzee Karanja katikati analia "Majina! Semeni majina!" na hakuna mtu anakumbuka hata la kwake.

Tulitoka nje wote kwa pamoja kama maharagwe yanamwagika, na hapo barabarani ndipo kanisa la Kawangware lilikuwa linapita kutoka ibadani, wamevaa nyeupe, wanaimba. Wimbo ukakatika. Mwalimu kiatu kimoja. Mimi, mtu wa kukaa mstari wa mbele kwa maulidi, kichwa wazi, nimebaki na shimizi, mweupe kwa vumbi kutoka utosini mpaka kwa nyayo. Nyanya mmoja akaweka mikono kichwani akasema, "Ngai! Wamefufuka!"

Na Bakhita, hata pumzi haijarudi, mbele ya kanisa zima: "Kumbe Mama Zenabu una baridi hivyo? Si ungesema tukuletee blanketi!"

Nilitaka kurudi shimoni, hata kama ule mkono bado uko humo. Lakini mume wangu akavua koti lake akanifunika. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikadhani ananicheka na yeye. Alikuwa analia.

"Umesema jina langu," akasema.

"Nisamehe."

"Sema tena."

Kesho yake Mzee Karanja alifika Kibra na gurbaba yangu. Aliibeba kwa ncha ya fimbo, hakutaka kuigusa. Alisema aliikuta mlangoni pa shimo, imekunjwa vizuri, na haikuwa na vumbi hata kidogo. Sikuivaa tena. Tuliisomea, tukaichimbia udongoni.

Na huyo mtu hakwenda Bombo. Usiku wa ile Jumapili aliingia ndani na blanketi yake, akalala chali, na bila kuulizwa akaniambia kitu amebeba miaka hiyo yote. Kwamba huko Burma udongo uliwafunika ndani ya handaki, yeye na wenzake, na katika ile giza mtu alimshika mkono ule wa kushoto, akaushika mpaka walipochimbuliwa. Na walipochimbuliwa, waliambiwa yule mwenye mkono alikuwa amekufa zamani, kabla hata udongo haujaanguka.

"Nilikuwa nafikiri nikisema utaniona mwendawazimu," akaniambia. "Sasa na wewe umeshikwa."

Kwa hivyo chekeni, nawapa ruhusa. Nikipita kisimani kina mama wanasema "nina baridi, nina baridi" na mimi nacheka nao, na mume wangu siku hizi anaongea mpaka namwambia anyamaze. Lakini Kawangware nikienda kununua viazi nazunguka njia ya mbali, hata mvua ikinyesha, na chini ya ardhi sishuki tena mpaka siku mtakayonishusha nyinyi. Maana kuna jambo Farajala aliniuliza usiku ule, taa tukiwa tumeshazima.

"Yale yote uliyomwambia mwenye ule mkono," akasema, "arudi, alale ndani. Una hakika alielewa hukuwa unamwambia yeye?"