Madirisha Tuliyoyakwangua

Ipo siku moja, mwanangu Anita, ambayo hunirudia kila ninaposikia kisu kikikwangua kitu kikavu. Hata mtu akikwangua ukoko wa ugali sufuriani, mimi hutoka jikoni. Mama yako hunicheka kwa hilo, na mimi humwacha acheke, kwa sababu hakuwepo Buffalo siku ile. Mimi nilikuwepo, na kisu kilikuwa mkononi mwangu.

Nimesikia mmehama zile apatimenti za Reynoldsburg, mkapanga nyumba ya zamani katikati ya Columbus, yenye uwanja na chumba cha mtoto. Hongera. Nimesikia pia kwamba kliniki walimpima mtoto damu hawakupenda walichokiona, kwamba wiki ijayo mtu wa jiji atakuja kuikagua nyumba, na kwamba wewe umekimbilia dukani ukanunua rangi nyeupe. Hiyo rangi ndiyo iliyonifanya nikutafute. Mimi ni shangazi yako, na kazi ya shangazi ni kusema yale ambayo mama huyaonea haya.

Tulipofika huku Marekani, mjini Buffalo, nilikuwa bado binti, ingawa nilikuwa na watoto wawili. Nilikulia kambini Kigoma, mkimbizi mtoto wa mkimbizi wa Burundi, na nyumba yangu ya kwanza yenye vyumba vya kufunga kwa ufunguo ilikuwa ile ya East Side. Ilikuwa ya mbao, ya ghorofa mbili, kongwe kuliko babu zetu wote. Madirisha yake yalikuwa ya kupandisha na kushusha, na kila ukilipandisha moja, rangi ilidondoka kama maganda ya kitunguu. Sikuona ubaya. Nilikuwa nimelala chini ya turubai, sasa nina dirisha la kioo, nilalamike nini?

Elia wangu alikuwa ndiyo kwanza amejua kusimama. Theluji ilimshangaza. Alikuwa akishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili, anaweka kidevu pale, anatazama nje, na huku analamba ule ubao. Wakati mwingine nilimkuta na kipande cha rangi mdomoni anakitafuna. Nikacheka! Kambini watoto wetu walikula udongo wa ukutani, tukasema huyu anamwita mdogo wake. Na sisi wanawake, tukipata mimba, si tulikuwa tunanunua udongo sokoni tukiutafuna kama karanga? Nani kati yetu angeogopa ukuta?

Kliniki wakapima damu yake wakakuta risasi. Si risasi ya bunduki, mwanangu. Ni madini, ambayo zamani watu wa huku walikuwa wakiyachanganya kwenye rangi za nyumba, na mtoto akiyameza yanampanda kichwani. Waliniambia hayo kwa simu, kupitia mkalimani aliyekuwa na haraka zake. Mengi yalinipita. Neno nililolishika ni kwamba mkaguzi wa jiji atakuja.

Kwa mtu wa kambini, neno hilo peke yake lilitosha kunikosesha hamu ya kula. Kwetu mtu mwenye karatasi akija mlangoni, kipo kitu kitaondoka: kadi ya chakula, au kibanda, au mtu mwenyewe. Halafu mwenye nyumba alikuwa ameshatuambia kwamba nyumba zake zinaharibika kwa sababu watu wa Afrika hawajui usafi. Aliyasema hayo akiwa amesimama juu ya sakafu niliyotoka kuipiga deki.

Jirani yangu Mama Sifa, Mkongomani wa Kivu, mwanamke wa moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi, alipopata habari alivua koti hapo hapo.

"Donc, banakuya kuangalia kama tuko bachafu?" akasema. "Bon. Batakuta nyumba inangaa!"

Unawajua wanawake wetu. Mgeni wa heshima akija, mtu hasafishi peke yake. Walikuja akina mama wa kanisani na ndoo zao, wakaingia wakiimba. Mimi nikachukua visu vya jikoni nikawagawia. Tulikwangua kila dirisha la nyumba ile mpaka mbao zikabaki uchi. Tukakwangua na milango. Vumbi jeupe likajaa chumbani, tukafungua vinywa tukaimba ndani yake. Kisha tukafagia kwa fagio kavu, kama tulivyokuwa tukifagia uwanja. Elia alikuwa amekaa sakafuni katikati yetu, anachora kwa kidole kwenye vumbi lile na kujilamba kidole, na sisi tunampigia makofi. Naona aibu kukuambia jinsi nilivyofurahi siku ile. Nilikuwa sijafurahi hivyo tangu tushuke kwenye ndege.

Mkaguzi alipokuja alikuta mapazia mapya, chai ya tangawizi na sahani ya maandazi. Alikuwa mzee Mmarekani mweusi, mpole, akavua kofia na kufunika viatu vyake kwa mifuko asije akachafua. Nikasema moyoni, huyu ana malezi. Akaweka kifaa chake dirishani, akainama akapangusa sakafu kwa kitambaa kidogo, akasimama akiutazama ule ubao uchi. Kisha akamuuliza Devota, binti yangu, aliyekuwa darasa la nne na ndiye aliyekuwa mdomo wetu wote, ni nani aliyekwangua.

"Sisi wote!" Devota akajibu kwa fahari.

Yule mzee akakaa kitini bila kukaribishwa. Akaongea polepole, na Devota akamsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia, sema, mwanangu.

"Mama, anasema sumu ilikuwa kwenye rangi, na sisi tumeifanya vumbi. Anasema ilikuwa afadhali tungeiacha."

Maneno hayo hayakupaswa kupita kwenye kinywa cha mtoto. Mkaguzi aliondoka bila kugusa chai, na siwezi kumlaumu.

Damu ya Elia ilipopimwa tena, ile risasi ilikuwa imepanda, si kushuka. Tulihamishiwa kwa watu wa kanisani, na mwenye nyumba akalazimishwa kubadilisha madirisha. Kumbe angelazimishwa tangu mwanzo! Yule mkaguzi alikuwa amekuja kwa ajili yake, si kwa ajili yetu. Tuliyemwona adui ndiye aliyekuwa na fimbo ya kututetea.

Jumapili iliyofuata Mzee Yoramu alitukusanya akina mama baada ya ibada. Ulikuwa hujazaliwa, hukumjua. Alikuwa mzee wa Warundi wote wa pale, na kambini ndiye aliyekuwa kiongozi wa mtaa wetu. Tulidhani ataomba nasi. Hakuomba.

"Mke wangu alikufa akiwa msafi," akatuambia. "Mwaka wa kipindupindu wahudumu walipita kibanda kwa kibanda wakiuliza, nani anaharisha? Mke wangu alioga, akajifunga kitenge kipya, akasimama mlangoni akawaambia hapa sote wazima. Aliogopa kupelekwa kwenye lile hema la wagonjwa. Aliogopa waseme mke wa kiongozi ni mchafu. Tulimzika na kitenge kile."

Mama Sifa, ambaye hata mahubiri hayakumnyamazisha, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mzee akaendelea. "Methali hii mnaijua nyote, watoto wenu wanaijua. Mgeni husafishiwa nyumba. Mganga huonyeshwa kidonda. Nyinyi alikuja mganga mkampikia maandazi."

Nilikasirika, mwanangu, sitakudanganya. Nilisema moyoni, mimi nimekosa usingizi, na huyu ananichamba mbele ya watu. Nilikaa kipindi kirefu bila kumsalimia vizuri. Alifariki kabla sijamwambia asante, na hilo nalo nimelibeba.

Elia unamjua, ni kaka yako. Unajua alivyo mpole, na unajua jinsi hasira inavyomshika ghafla kisha inamwacha analia. Kusoma kulimtesa. Mwalimu akimwambia mambo matatu, alishika la mwisho. Nilimuuliza daktari kama ni vumbi la siku ile, akaniambia hawezi kujua, kwamba mtoto alikuwa amelamba ule ubao muda mrefu kabla ya visu vyetu. Alitaka kunituliza. Lakini asiyejua ni daktari, mimi nimeona kidole kile kikiingia mdomoni. Sasa tuko hapa Louisville, South End, naye anafanya kazi ghalani, anapanga maboksi. Basi lake likibadilishiwa njia, hunipigia simu akiwa amesimama kituoni hajui aelekee wapi. Namwambia pole baba, nakuja. "It's okay, Mama," ananijibu, kwa Kiingereza chao hicho. Yeye ndiye ananibembeleza mimi.

Sasa nikuambie kwa nini nayafukua haya leo. Devota anasomea uuguzi, na juzi alikuwa mezani kwangu anasoma habari za Uingereza ya zamani, viwanda vilipoanza. Mimi nilidhani Waingereza walizaliwa na mabomba ndani ya nyumba! Kumbe watu wao wa viwandani walibanana familia nzima kwenye chumba kimoja, wengine chini ya ardhi, mtaa mzima bomba moja, choo kimoja. Na kipindupindu kikaja kikawafagia. Nikamwambia Devota, hiyo si Uingereza, hiyo ni kambi yetu, umekosea ukurasa.

Akacheka, akaendelea kunisimulia. Mabwana wenye kushiba walikuwa wakisema maskini ni maskini kwa sababu ya uvivu, na anaugua kwa sababu ya uchafu wake. Mtu akilemewa kabisa akaomba msaada, alipelekwa kwenye nyumba kubwa ya maskini, mume upande wake, mke upande wake, watoto kwingine. Basi wakawa wanamwogopa kila anayebisha hodi na karatasi. Kuna mahali, Devota akasema, ugonjwa ulipoingia watu walipaka kuta chokaa zikang'aa, na kisima kilichokuwa kando ya choo kikaachwa vile vile.

Nikaweka kisu chini. Nilikuwa namenya viazi.

"Mama, nini?" akaniuliza.

"Hamna kitu. Soma. Maji safi waliyapataje?"

Akaniambia walipatikana watu walioingia kwenye vile vyumba, wakaona kila kitu, wakanusa kila kitu, wakaenda kuwasumbua wakubwa kwa miaka mingi mpaka mitaro ikachimbwa na maji yakaletwa. Hawakuwa malaika. Wengine waliwadharau maskini hao hao waliowasaidia. Lakini waliona, na walioonwa walipata mtaro. Hakuna mtaro uliochimbwa kwa sababu maskini amefagia vizuri. Mzee Yoramu hakuwahi kufika Uingereza wala kusoma kitabu chao, lakini kama angekuwa hai ningempigia simu siku ile ile nimwombe radhi.

Basi nisikilize, Anita. Ile rangi irudishe dukani. Dirisha liache lilivyo, na maganda yake. Usikwangue, usifagie pakavu, na mtoto usimwache karibu na dirisha lile hata kwa dakika, na umnawishe mikono mara kwa mara. Mtu wa jiji akija, mpeleke mwenyewe mpaka pale panapotia aibu, umwonyeshe kwa kidole. Tafuta mtu mzima mwenye Kiingereza akutafsirie, mtoto wa jirani aachwe acheze. Chai unaweza kumpa, heshima haijakatazwa, lakini akiuliza swali mjibu yote.

Najua unachoogopa. Mwenye nyumba atanuna, pengine atakutafutia sababu ya kukutoa. Hofu hiyo naifahamu, imenila ujana wangu. Akikutoa, panda basi mje Louisville. Chumba cha Devota kina nafasi na godoro lipo, na Elia anampenda sana huyo mtoto wako. Ya kuhama yatapita. Haya mengine hayapiti, mwanangu, nimeyasubiri yapite.

Mungu wa baba zetu aliyetutoa chini ya turubai akutunze wewe na mumeo na mwanao. Akupe mlango usioogopa hodi. Akupe watu watakaokuona na wasikudharau, na wewe usijifiche wakikutafuta. Na theluji ikianguka huko Columbus, mtoto wako asimame dirishani, aweke kidevu chake pale kama alivyokuwa akiweka Elia, na asionje chochote isipokuwa ubaridi wa kioo.